Soma Kwanza, Ndipo Utie Sahihi

Ndugu wanafunzi wa Mbeya na Iringa! Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya mchezo wa gofu, na jinsi unavyoongozwa duniani. Labda mmoja wenu anauliza, "Gofu yatuhusu nini sisi wakulima?" Ni swali jema. Sikiliza mpaka mwisho, kisha ujibu mwenyewe.

Watu wa Mufindi wameuona uwanja wa gofu kati ya mashamba ya chai. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka utumbukie shimoni. Mashimo kwa kawaida ni 18. Kila pigo huhesabiwa, na mwenye mapigo machache kuliko wote ndiye mshindi.

Je, nani hutunga sheria? Wako wakubwa wawili. Wa kwanza ni R&A, huko St Andrews, Scotland. Chama hiki kimetokana na klabu iliyoanzishwa mwaka 1754. Wa pili ni USGA cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1894. Zamani sheria zao zilitofautiana. Ni kama soko la Mwanjelwa lingekuwa na debe lake, na soko la Iringa debe lake: ugomvi usingekwisha. Mwaka 1952 walikubaliana kuwa na sheria za namna moja. Leo USGA husimamia Marekani na Mexico, na R&A husimamia nchi nyingine. Kwa hiyo shimo la gofu lina upana wa milimita 108 popote uendapo, na mchezaji haruhusiwi kuchukua fimbo zaidi ya 14.

Uongozi huu ni kama ngazi. Mchezaji yumo katika klabu. Klabu zimo katika chama cha taifa, na hapa kwetu ni Chama cha Gofu Tanzania. Chama cha taifa hufuata sheria za R&A. Liko pia Shirikisho la Kimataifa la Gofu, lililoanzishwa mwaka 1958. Hilo ndilo husimamia gofu katika Michezo ya Olimpiki. Gofu ilirudi huko mwaka 2016, baada ya kukosekana tangu mwaka 1904.

Sasa sikiliza kisa hiki. Katika gofu, mapigo huandikwa katika kadi. Mwenzako hukuandikia, nawe husoma na kutia sahihi. Tarehe 14 Aprili 1968, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza mashindano makubwa huko Augusta, Marekani. Katika shimo la 17 alipiga mara 3. Mwenzake akaandika 4. Watu wengi walikuwa wameona kwa macho yao kuwa ni 3. Lakini Roberto alitia sahihi bila kuliona kosa lile. Sheria inasema, ukitia sahihi idadi inayozidi mapigo yako, idadi hiyo hubaki. Ukitia sahihi idadi iliyopungua, huondolewa mashindanoni. Basi Bob Goalby akashinda kwa pigo moja tu. Kadi ingekuwa sahihi, wawili hao wangelingana, wakashindana tena.

Ndugu mwanafunzi, Roberto alijua kusoma. Siku ile hakusoma vizuri. Wewe nawe, unapopima chai yako au kahawa yako, karani huandika kilo katika karatasi. Itazame ile namba. Ilinganishe na mizani. Kama si sawa, sema pale pale, kabla ya kutia sahihi. Na kama hukusikilizwa, panda ngazi: nenda kwa viongozi wa chama chako cha ushirika.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini vyama vile viwili vilikubaliana mwaka 1952?
2. Roberto alikosea wapi?
3. Karatasi gani ulitia sahihi mwaka huu? Uliisoma?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.