Mali ya Nchi ya Mbali: Piyaya na Greenland

(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya wafugaji)



Msafiri atokaye Mto wa Mbu, akapita Engaruka na Engaresero, akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Sale, kisha akaishika njia ya Malambo, huifikia Piyaya akiwa amechoka na amejaa vumbi. Kipande cha barabara kati ya Waso na Sale, kilomita 49, kimetiwa lami; Piyaya ingali nje ya lami hiyo. Kwa sababu ya umbali huo husemwa mara nyingi, hata ofisini, kwamba Piyaya haina uchumi, ina ng'ombe tu. Msemo huo hauna budi kukanushwa, kwa kuwa chama kinachoamini kwamba hakina mali hakitaona haja ya kuandika hesabu.

Mali ya kwanza ya Piyaya ni udongo. Mlima Ol Doinyo Lengai hutoa lava ya aina isiyotolewa na volkano nyingine yoyote hai duniani, yenye magadi mengi, na majivu yake, pamoja na yale ya Kerimasi ya zama za kale, yamepeperushwa na upepo kuelekea magharibi na kuyafunika mbuga za nyasi fupi. Mlipuko wa karibuni ulio mkubwa ulikuwa wa 2007 hadi 2008. Nyasi zinazoota juu ya majivu hayo ni fupi, lakini zina chokaa na fosfori ambazo mnyama anyonyeshaye huzihitaji kuliko kitu kingine. Ndiyo maana nyumbu, ambao hesabu yao hupita milioni moja, huzitafuta mbuga hizi kila mwaka kati ya Januari na Machi ili wazae. Nyumbu hajasoma kilimo, lakini hakosei malisho.

Hapo ndipo pana gharama isiyoandikwa katika daftari lolote. Ndama wa nyumbu, katika miezi yake ya mwanzo, hubeba virusi visivyomdhuru yeye, bali ng'ombe akivipata katika malisho hufa, na ugonjwa huo hauna tiba. Kwa hiyo wakati nyasi zilipo bora kupita wakati wote wa mwaka, mfugaji wa Piyaya huwaondoa ng'ombe wake na kuwapeleka penye nyasi duni zaidi, akiwaachia nyumbu uwanja. Watalii wanaokuja kuutazama uzazi huo hulipia kitanda, gari na kiingilio. Maziwa yaliyopungua bomani katika miezi hiyo hayamo katika hesabu ya mtu yeyote. Hii si hoja ya kuwafukuza nyumbu. Ni hoja ya mhasibu: matumizi yasiyoandikwa hayana mtu wa kuyarudisha.

Sasa yafaa kutazama nchi iliyo mbali zaidi. Greenland, kisiwa kilichoko karibu na Ncha ya Kaskazini, kina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, yaani zaidi ya mara mbili ya Tanzania, na sehemu nne kwa tano zimefunikwa na barafu. Watu wake ni kama 56,000 tu, ilhali Wilaya ya Ngorongoro peke yake ilikuwa na zaidi ya 170,000 katika sensa ya 2012. Hakuna barabara iunganishayo mji na mji. Watu husafiri kwa meli na ndege. Ni nchi iliyo chini ya ufalme wa Denmark, ila imejiendeshea mambo yake ya ndani tangu 1979, na mamlaka hayo yakapanuliwa 2009.

Kisiwa hicho huishi kwa samaki. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za bidhaa kiuzazo nje ni mazao ya bahari, hasa kamba na halibuti. Hapo awali chewa ndiye aliyekuwa tegemeo. Maji yalipobadilika na uvuvi ukazidi, chewa akatoweka karibu kabisa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na vijiji vilivyojengwa kwa ajili yake vikabaki na majengo matupu hadi kamba aliposhika nafasi. Aliyeona ukame wa 2009 katika Longido, Monduli na Ngorongoro, wakati mizoga ilipolala kandokando ya njia, hahitaji kufafanuliwa maana ya kutegemea mnyama mmoja.

Kuna jambo la madini pia. Mahali paitwapo Ivittuut palichimbwa kriolaiti, jiwe lililotumiwa katika kuyeyusha alumini, tangu karne ya 19. Mwaka 1987 mgodi ukafungwa, kwa kuwa jiwe lilikuwa limekwisha, na mji wake ukahamwa. Wenyeji wa Greenland wanaikumbuka habari hiyo. Katika sheria yao ya 2009 waliandika kwamba mapato ya madini ni ya nchi yao wenyewe, na mwaka 2021 Bunge lao likapiga marufuku uchimbaji wa urani, ijapokuwa bajeti yao hutegemea ruzuku kubwa ya Denmark kila mwaka. Walio jirani na Ziwa Natron wamepata kuyasikia mabishano ya namna hiyo: magadi yamo, na ziwa hilo ndilo mahali pekee pa kutegemewa Afrika Mashariki ambapo korongo wadogo wa rangi ya waridi, yaani heroe, huzalia. Mpango wa kiwanda uliotangazwa katika miaka ya 2000 haukutekelezwa.

Lakini jambo la Greenland linalowahusu wafugaji kupita yote ni ardhi. Huko hakuna mtu amilikiye kiwanja. Mtu hupewa haki ya kutumia tu, na ardhi hubaki ya wote. Kusini mwa kisiwa wako wafugaji wa kondoo wachache. Katika majira mafupi ya joto hukata nyasi, huzikausha na kuziweka ghalani, na majira ya baridi huwalishia kondoo ndani ya mabanda. Wakati wa kuchinja ufikapo, wanakondoo hupelekwa kwenye machinjio ya Narsaq. Mfugaji asiye na nyasi za kutosha huchinja mapema. Hangoji kuona theluji itakuwaje.

Wamaasai wanayo alalili, malisho yaliyotengwa kwa ndama na wanyama wanyonge, ambayo ni ghala la nyasi zilizosimama. Ila alalili huhitaji eneo, na eneo limepungua. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 ziliwekwa katika hifadhi ya Pololeti, nazo zilikuwamo ndani yake nyasi zilizotumiwa na vijiji kadhaa, Piyaya ikiwa kimojawapo. Mapato ya utalii nayo yana historia yake: vijiji vya Loliondo vilianza katika miaka ya 1990 kufanya mikataba na makampuni, na Kanuni za 2007 zikabadili utaratibu wa kuyakusanya malipo hayo. Chama cha ushirika hakiwezi kuamua mambo ya mipaka. Kinachoweza ni kuamua idadi ya ng'ombe watakaoingia kiangazi.

Tena si jambo geni. Sheria ya 1964 ya maendeleo ya malisho iliruhusu vyama vya wafugaji, na katika miaka ya 1970 vikajengewa majosho na malambo kwa msaada wa Marekani. Msaada ulipokoma, vyama vingi vilikoma nao. Mradi wa Ereto, uliogharamiwa na Denmark hiyohiyo kuanzia 1998, ulifufua vyanzo vya maji wilayani na kuzipa mifugo kaya maskini. Bomba likiharibika baada ya mfadhili kuondoka, swali huwa ni moja: nani anashika fedha za spea?

Mnadani ng'ombe bado hukadiriwa kwa macho, na macho ya mnunuzi yamezoea kuona kilo chache. Mwezi wa Juni fahali amenona; Oktoba fahali huyohuyo ni mifupa, lakini ndipo wengi wanapouza, kwa kuwa mahindi yamekwisha nyumbani. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba vyama vyenye mtaji vinunue mizani kwa pamoja kupitia Chama Kikuu, na kwamba kila katibu afungue daftari la mauzo kabla ya mwezi wa Juni. Daftari liwe na tarehe, jina la mwanachama, jinsia na umri wa mnyama, uzito, bei, jina la mnunuzi, na idadi ya wanyama waliobaki bomani. Safu ya mwisho iachwe wazi kwa wanyama waliokufa, ijazwe mvua za vuli zitakapoanza, ndipo isomwe mbele ya mkutano mkuu pamoja na safu ya mauzo.