Laptopu ya Zamani: Nini Kibadilishwe, Nini Kiachwe

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu matengenezo ya kompyuta za nyumbani na za biashara ndogo



Katika nyumba nyingi kuna laptopu moja inayolaumiwa na kila mtu. Ilinunuliwa ikiwa imetumika, kati ya zile zinazouzwa kama "ex-UK", na miaka ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Sasa ikiwashwa asubuhi mwenyewe huweza kuchemsha chai, akarudi, na bado mduara unazunguka kwenye skrini. Mwanafunzi anayetaka kujaza fomu ya HELB siku ya mwisho huiacha mezani na kukimbilia saiba. Jioni familia inakaa na kuamua kwamba imezeeka, itafutwe nyingine. Na pesa ya kununua nyingine, kwa nyumba nyingi, ndiyo ile ile iliyowekwa kwa karo.

Uamuzi huo mara nyingi hutolewa mapema mno. Laptopu zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi za Ulaya miaka kumi hivi iliyopita zina prosesa inayotosha kuandika barua, kufungua eCitizen, kuweka hesabu za duka na kuhudhuria darasa la mtandaoni. Kinachozichelewesha kwa kawaida ni diski. Diski ya zamani ina sahani ndani inayozunguka, mara nyingi kwa kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaosogea huku na huko kutafuta kilichoandikwa, kama karani anayetafuta faili kwenye kabati la masijala. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vidogo, na karani huyo hukimbia kabati zima kwa kila kipande.

SSD haina kitu kinachozunguka. Diski ya sahani husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya SATA hufika 500, lakini hata namba hizo hazionyeshi tofauti yote, kwa kuwa faida kubwa ya SSD ni kuvipata vile vipande vidogo papo hapo. Laptopu iliyokuwa ikichukua dakika tano kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja, bila kuguswa kitu kingine. Kama mtu ana pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, kiwe hicho.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ni vyema kuipima kwanza. Mwenye Windows abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager, naye aende sehemu ya Performance. Hapo ataona kama diski yake ni HDD, yaani ya sahani, au tayari ni SSD. Diski ya sahani ikikaa kwenye asilimia 100 muda mrefu na hakuna kazi kubwa inayofanywa, ugonjwa umejulikana. Kama diski imetulia lakini Memory imejaa asilimia 90 kwa kurasa tatu nne za intaneti, basi RAM ndiyo haba. Na kama kila mahali pametulia ila feni inalia kama mashine ya kusaga mahindi, huenda ni vumbi tu. Ukanda wa pwani una mchanga na hewa ya chumvi, bara kuna vumbi jekundu, na vyote huishia kwenye feni. Fundi akiifungua, akaisafisha na kubadilisha ile pesti inayopitisha joto juu ya prosesa, mashine hupoa na kurudisha sehemu ya kasi yake.

RAM ndiyo ya pili. Kwa matumizi ya leo GB 4 ni kubanana; GB 8 inatosha watu wengi, na zaidi ya hapo ni kwa wanaohariri video au kuchora ramani za nyumba. Hapa watu hupoteza pesa kwa kununua aina isiyoingia. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, maana pengo lake limekatwa sehemu tofauti. Kuna pia DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5, na laptopu nyingi za kizazi cha 4 cha Intel na baada yake huikataa DDR3 ya kawaida ingawa inaingia vizuri kwenye nafasi yake. Njia salama ni kutoa kipande kilichomo, kusoma kilichoandikwa juu yake, na kwenda nacho dukani. Laptopu nyembamba sana huwa na RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hiyo haiongezwi kwa bei ya mwananchi wa kawaida.

Mfano mmoja unaopatikana sana Kenya ni HP EliteBook 840 G3. Ina prosesa ya kizazi cha 6, nafasi mbili za RAM ya DDR4, nafasi ya diski ya inchi 2.5 na nyingine ya M.2. Mashine kama hiyo ikipewa SSD ya GB 256 na kufikishwa GB 8 za RAM inaweza kumfikisha mwanafunzi wa chuo hadi mahafali. Ila M.2 nayo ni ya aina mbili, SATA na NVMe, na si kila laptopu inapokea zote mbili. Swali hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Sasa kuna jambo linalowasumbua wengi. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Kizazi husomeka kwenye jina la prosesa: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8. Kwa hivyo ile 840 G3 haimo, hata ikiwekewa SSD bora kuliko zote sokoni. Muuzaji anayesema "hii inakubali Windows 11 bila shida" aonyeshe jina la prosesa kwanza.

Hilo halimaanishi mashine imekufa. Kwa kompyuta za watu binafsi, Microsoft iliruhusu kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Njia nyingine ni kuhamia Linux Mint, ambayo ni ya bure na huenda vizuri kwenye RAM ya GB 4. Huja na LibreOffice kwa ajili ya barua na hesabu, na huduma zinazofunguka kwenye kivinjari hufunguka humo pia. Uzuri wake ni kwamba huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote kilichomo ndani. Anayetegemea faili za Excel zenye makro, au programu maalumu ya uhasibu, ajaribu kwanza kazi yake halisi, nyingine hukataa. Kwa anayetumia intaneti pekee, ChromeOS Flex ya Google nayo ni ya bure. Kuendelea miaka na miaka na mfumo usiopata masasisho, huku benki na simu ya biashara zimeunganishwa humo humo, ni hatari ambayo kasi ya SSD haiifuniki.

Kuhusu mafundi, wengi ni watu waaminifu wanaokula jasho lao. Wapo pia wanaotangaza kwamba bodi imekufa kabla hawajafungua skrubu moja. Mwenye mashine aandike kwenye karatasi ukubwa wa RAM na wa diski kabla ya kuiacha, akipiga na picha ya skrini ile ya Task Manager, maana kipande cha GB 8 kimewahi kurudi nyumbani kikiwa cha 4. Ikiwezekana akae hapo kazi ikifanyika, kwa kuwa kubadilisha diski ni kazi ya nusu saa, ingawa kuweka mfumo upya huchukua muda zaidi. Adai risiti yenye jina la kifaa, na adai vifaa vya zamani arudishiwe. Diski za nje zinazodaiwa kubeba TB 16 kwa bei ya mlo wa watu wawili ni za uongo: hujaa mapema na kuharibu faili zinazoongezwa. Rahisi ghali.

Kabla ya diski kutolewa, nakala za kazi ziwe mahali pengine. Hapa ndipo hasara ya kweli hutokea. Kifaa hununuliwa tena, lakini tasnifu ya miaka miwili, daftari la madeni ya duka au picha za marehemu mzazi hazipatikani dukani. Diski ya sahani inayotoa mlio wa kugonga tik-tik isiendelee kuwashwa ovyo. Kilicho muhimu kinakiliwe siku hiyo hiyo, mengine yangoje. Diski ya zamani ikiwa bado nzima, ikitiwa kwenye kasha la USB huwa ghala la nakala kwa gharama ndogo.

Kama itauzwa au kutolewa, ifutwe yote kwanza. Kuweka faili kwenye pipa la takataka la skrini hakufuti chochote. Ndani yake kwa kawaida mna nakala za kitambulisho, PIN ya KRA, taarifa za M-Pesa na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Wenye saiba na maduka ya huduma wana wajibu mkubwa zaidi, kwani humo mna vitambulisho vya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu.

Zipo laptopu zisizostahili kutengenezwa. Zile ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya eMMC ya GB 32 na RAM ya GB 2 zilizochomelewa hazina pa kuongezwa. Iliyovunjika bawaba, ikapasuka skrini na kuharibika bodi kwa pamoja itamla mwenyewe pesa kidogo kidogo. Kipimo cha haki ni kujumlisha gharama zote, ufundi ukiwemo. Zikipita nusu ya bei ya laptopu iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha 8, pesa hizo ziwekwe kwenye hiyo nyingine.

Betri iachwe mwisho, kwa kuwa mashine inayokaa mezani karibu na umeme huishi bila betri nzuri. Anayetaka kujua hali yake afungue Command Prompt na kuandika powercfg /batteryreport, kisha alinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Lakini betri iliyovimba, ikainua kibodi au kufanya laptopu isifunge vizuri, haingoji zamu. Mashine izimwe, chaja ichomolewe, na fundi aitoe bila kuikunja wala kuitoboa. Isitupwe jaani mahali taka huchomwa, wala watoto wasiichezee. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi, au iachwe kwa fundi anayezikusanya kwa ajili yao. Hadi siku ya kuipeleka, ikae kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na jua na jiko.