Kiganja Hakina Namba



Mdogo wako kajilaza mkekani, kichwa kinamgonga. Mama anamwekea kiganja kwenye paji la uso: "Mh, ana homa huyu." Sawa, lakini homa kiasi gani? Kiganja hakina namba! Na kwa joto letu la Tanga mwezi wa pili, nani paji lake halina moto?

Namba tunaipata kwa kipimajoto. Vile vya kioo vina zebaki, nayo ni sumu. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulitaka visitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2020. Nafasi yake inashikwa na vya elektroniki.

Ndani yake mna kipande kidogo cha semikondakta, kitu ambacho tabia yake ya umeme hubadilika joto likibadilika. Kimoja rahisi kinaitwa LM35. Kina miguu mitatu, kama transista ya redio. Miguu ya pembeni inaungwa kwenye betri ya volti 9, chanya na hasi, ukiikosea, kinaungua. Mguu wa kati unatoa milivolti 10 kwa kila digrii. Mita ya fundi redio ikisoma milivolti 370, basi ni digrii 37. Si hesabu rahisi hiyo?

Sasa sikilizeni vizuri. Kifaa hiki kinaweza kukosea nusu digrii. Kwenye mita ni milivolti 5 tu, lakini kwapani ndiyo tofauti ya 37.0 na 37.5, na 37.5 ni homa! Kwa hiyo kifunge kisilowe, kitie kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na kipimajoto cha kuaminika, subiri namba zitulie, kisha linganisha. Rudia mara kadhaa, andika tofauti. Rahisi inayodanganya ni ghali. Na hicho chako kibaki maabara. Mgonjwa apimwe kwa kipimajoto cha hospitali.

Tena, kipimajoto hakijui jina la ugonjwa. Digrii 39 yaweza kuwa malaria, nimonia au taifodi. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri anayeshukiwa malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa.

Basi namba ikipanda, usikimbilie duka la dawa. Mpeleke mdogo wako zahanati, leo hii.