Tairi za theluji kwenye joto la Tanga

Msikilizaji wa Ngamiani, hasa wewe mwenye Altezza au Mark II: gari lako kwa kawaida linasukumwa na magurudumu ya nyuma, injini iko mbele. Mkia ni mwepesi. Lami ikilowa masika, ukikanyaga mafuta ghafla kwenye kona, mkia unahama. Achia mafuta taratibu, geuza usukani kufuata upande unakoelekea mkia. Breki ya pupa itakuzungusha.

Kisha chungulia ubavuni mwa tairi. Baadhi ya magari ya mtumba hushuka kutoka Japani na tairi za theluji, zimeandikwa STUDLESS. Mpira wake laini ni wa baridi. Kwa joto letu huisha upesi, na kwenye maji haushiki vizuri. Hata zikionekana mpya, zibadilishe kabla hujapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto.