GITAA LILILOPASUKA IRINGA

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni afisa misitu, mbele ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi za mikono. Nitazungumza juu ya gitaa, na kabla sijamaliza nitaungama kosa ambalo shule hii haijapata kulisikia tangu mwaka 1998.

Wazee wetu hawakungoja gitaa la Ulaya ndipo wajue kutengeneza vyombo vya nyuzi. Wahehe walikuwa na ligombo, ubao uliochimbwa kama hori na kutandazwa nyuzi juu yake. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kunasa sauti, alilirekodi. Sisi watoto tulitengeneza magitaa ya makopo kwa mshipi wa kuvulia samaki. Lakini gitaa kamili, la nyuzi sita za nailoni, nililiona likizaliwa hapa Mbeya, katika banda la seremala mmoja mzee ambaye riziki yake ilikuwa vitanda, madawati na majeneza.

Kwaya yetu ilihitaji gitaa, nami nilikuwa kiongozi wa kwaya. Kila Jumamosi nilikwenda kwa Mzee nikamshikia taa. Mgongo na ubavu aliufanya kwa mninga. Aliulowesha ubao wa ubavu, kisha akaukunja polepole juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani. Shingo ilikuwa ya mkangazi, na ubao wa vidole ulikuwa wa mpingo, ule ule ambao viwanda vya ng'ambo huutumia kwa klarineti. Uso aliufanya kwa msonobari.

"Mwanangu," aliniambia, "huku kwingine kote ni nyumba tu. Anayeimba ni huyu." Akaugonga uso kwa kidole.

Nilipofika Chuo Kikuu nilisoma kwamba Mhispania Antonio de Torres, aliyeishi mwaka 1817 hadi 1892, alilithibitisha jambo hilo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na ubavu wake ni karatasi ngumu, na uso peke yake ndio ubao mzuri. Mzee wetu hakupata kumsikia Torres. Alijua kwa kidole chake.

Uso huo hauzidi sana unene wa milimita 2 au 3, na nyuzi huuvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Ndiyo maana kwa ndani hugundishwa vijiti vyembamba, tuseme mbavu. Hapo ndipo lilipo kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua za Mbeya mnazijua. Mzee alisema ubao wa uso bado una maji, tungoje mpaka kiangazi. Mimi nilitaka sifa. Nikamdanganya: "Mzee, mwalimu amesema liwe tayari Ijumaa." Mwalimu hakuwa amesema siku yoyote. Mzee alinyamaza kitambo, akachukua gundi.

Mwezi wa Septemba kwaya ilialikwa Iringa. Tulikwenda nyuma ya lori, kupitia Makambako na Mafinga, gitaa nimelipakata mapajani. Iringa ni kukavu, na wakati huo upepo ulikuwa ukivuma. Tulipokuwa katika wimbo wa pili ukasikika mlio kama kijiti kinachovunjwa. Uso ulikuwa umepasuka kutoka daraja hadi chini.

Leo kazi yangu inanipa maneno ya kulieleza. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana, kwa urefu hausinyai sana. Mbavu zilizogundishwa kukingama zilikataa kuufuata, basi ukapasuka. Lakini siku ile mwalimu aliponiuliza, nilijibu: "Ni fundi, mwalimu. Hakukausha ubao."

Shule ikaacha kumpelekea Mzee madawati. Nami nikawa nikipita upande wa pili wa barabara.

Mwaka 2011 nilihamishiwa Mbeya kikazi, nikaenda bandani kwake. Macho yake yalikuwa yamefifia. Nilimweleza yote, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Na mimi nilikosa. Fundi nilikuwa mimi, si mwalimu wako. Ubao mbichi ningeukataa." Ndugu zangu, nilikuwa nimekwenda kusamehewa, nikakuta Mzee amejitwisha nusu ya mzigo wangu.

Mzee amekwisha fariki. Yeye alinisikia, lakini shule haikusikia. Kwa hiyo nasema leo mbele ya Mkuu wa Shule, nalo gazeti letu liandike: yule fundi alikuwa fundi hodari, na gitaa lile lilipasuka kwa uwongo wangu.

Vijana, wengi wenu mtapewa madaraka. Atakuja mtu mwenye haraka, aseme mkubwa anataka Ijumaa. Mwulizeni mkubwa mwenyewe. Na ninyi mkiwa wakubwa, fundi akiwaambia bado, ngojeni.

Sitaki kuondoka na maneno matupu. Nje, ndani ya gari, kuna mbao tatu: msonobari kutoka Sao Hill, mninga na mkangazi. Nimezinunua kwa fedha yangu na risiti ninayo, maana afisa misitu akionekana na mbao watu huuliza. Ziwekeni chini ya paa la karakana, mzitenganishe kwa vijiti ili hewa ipite. Mafundi husema kila inchi moja ya unene ni mwaka mmoja kivulini. Zina unene wa inchi mbili.

Walio kidato cha kwanza leo ndio watakaozikata. Mtu yeyote asiwaharakishe, hata mimi.