Sukari Inayofichwa na Kipimo

Mgonjwa anayefuatiliwa kisukari hospitalini huandikiwa kipimo ambacho wengi wanakiita sukari ya miezi mitatu. Jina lake la maabara ni HbA1c. Majibu yakifika asilimia 6.5, huyo ana kisukari. Yakiwa chini ya hapo, mara nyingi anaambiwa apunguze soda na wanga, afanye mazoezi, arudi baadaye.

Kwa baadhi ya Waafrika, majibu hayo si ya kuaminiwa peke yake.

Kipimo hiki huangalia sukari iliyonata kwenye himoglobini, iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, na kadiri zinavyokaa mwilini ndivyo sukari inavyozidi kunata. Chembe zikifa mapema, sukari haipati muda wa kunata, na majibu hushuka hata kama damu imejaa sukari.

Hali hiyo huwapata watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kurithi. Umeenea katika maeneo ya malaria kwa sababu uliwapa wahenga kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo. Mwaka 2017, watafiti waliochunguza vinasaba vya watu karibu 160,000 wa asili mbalimbali walibaini kuwa kinasaba kimoja cha G6PD, kinachopatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika, hushusha HbA1c ya mwanamume kwa takriban 0.8. Maana yake, mwanamume aliyestahili kupata 7.0 anasoma 6.2, anarudi nyumbani akijihesabu mzima.

Inayolipa gharama ni mishipa ya damu. Sukari iliyozidi huumiza kuta za mishipa midogo ya macho na figo kimyakimya, kwa miaka. Utafiti wa askari wastaafu wa Marekani uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kuwa wenye kisukari wanaobeba kinasaba hicho wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika retina.

Uganda nayo imechangia. Wanakijiji wa Kyamulibwa na maeneo jirani, kusini-magharibi mwa nchi, walijitolea kutoa damu, na mwaka 2019 uchambuzi wa vinasaba vya watu wapatao 6,400 ukaonyesha kuwa thalasemia aina ya alfa, hitilafu nyingine ya himoglobini, nayo inagusa majibu ya HbA1c. Jambo hilo lisingeonekana kirahisi Ulaya, ambako hitilafu hiyo ni adimu. Ndiyo sababu utafiti wa damu za Waafrika, unaofanywa Afrika, unastahili fedha nyingi kuliko unazopata.

Wakati huohuo, wizara za afya hazina haja ya kungoja. HbA1c iendelee kutumika, lakini iambatane na sukari ya asubuhi kabla ya kula. Mgonjwa ambaye mashine yake ya nyumbani inamwonyesha sukari iko juu huku HbA1c ikidai iko sawa, asipuuzwe: apimwe G6PD na selimundu, ambayo pia ni hitilafu ya himoglobini, na akaguliwe macho. Kipimo cha G6PD tayari kinajulikana kwa wanaotibu malaria kwa dawa ya primakwini. Kinachotakiwa ni kukifikisha pia kwenye chumba cha daktari wa kisukari.