Gemu Kwenye Fomu ya Chuo

Kijana wako anaomba chuo Marekani, na kila jioni yumo kwenye gemu. Je, aliandike hilo kwenye fomu ya maombi? Aliandike, ila asihesabu saa alizokaa mbele ya skrini. Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, inaruhusu shughuli 10, kila moja kwa maelezo yasiyozidi herufi 150. “Napenda kucheza FIFA” haimwambii msomaji kitu. Afadhali: “Nahodha wa timu ya gemu shuleni; napanga mazoezi, nafundisha wanaoanza, nasuluhisha ugomvi.” Hapo uongozi unaonekana. Na vyuo vyenyewe havidharau gemu: mwaka 2014, Robert Morris University ya Illinois ilianza kuwafadhili wachezaji wa gemu ya League of Legends. Vyuo vingine vikafuata. Lakini asitie chumvi: kwenye usaili anaweza kuulizwa.